Mlango wa Thelathini na Saba

Ferdie Lemanczyk hakuwahi kushindana.
Nalisema mapema, maana vijana wa mji huu
humsimulia kana kwamba yeye ndiye aliyeshika usukani.
Aliunda. Basi.
Wengine walipanda, wakashangiliwa, wakavunjika.

Gereji yake ilikuwa zizi kabla ya kuwa gereji,
na siku za mvua zizi lilikumbuka:
harufu ya samadi ikapenya katikati ya grisi na chuma cha moto,
naye akasema, "Wenye nyumba wanatusalimu."
Mimi binti wa jirani, miaka kumi,
kazi yangu kushika taa
na kutoitikisa.

Aliinunua ile Ford kuukuu kwa mjane wa mlinzi wa reli,
dola kumi na tano na gunia la viazi.
Aking'oa viti, aking'oa vioo, aking'oa kila cha starehe,
akachomelea mabomba ya maji yawe mbavu,
akaazima ekseli ya lori la maziwa asiirudishe.
Na ile manjano ambayo Wisconsin nzima, ukiwauliza wazee, bado wanaisifia
ilikuwa masalio ya kiwanda cha karatasi,
rangi ya kuonyesha hatari.

Alitia ncha ya bisibisi kwenye injini,
mpini sikioni, macho kayafumba.
"Valvu ya tatu ina kikohozi."
Niliona haya kuuliza injini hukohoaje.
Siku moja akanipa bisibisi. Nikasikia.
Tangu hapo sipandi gari bila kulisikiliza kwanza,
jambo ambalo mume wangu wa kwanza aliliona kero.

Jumamosi usiku, uwanja wa udongo nje ya mji,
Merle Oskarsen ndani ya namba thelathini na saba,
mwana wa mchinjaji, shingo kama gogo.
Magari ishirini yanazunguka,
tope linaruka hadi safu ya sita,
wanawake wameziba soda zao kwa viganja.
Ferdie hakutazama. Alisimama nyuma ya choo cha mbao,
mgongo kwa uwanja, akisikiliza.
"Anaingia kona ya pili. Ameachia.
Mapema mno, Merle, mapema mno."
Watu walidhani ni woga.

Ile Jumamosi ya Julai nilikuwa kando yake.
Alinyamaza kabla ya kishindo.
Nakumbuka hilo kuliko kishindo chenyewe.

Merle alipoteza mguu, kuanzia goti.
Akauambia mji: nilichelewa kukanyaga breki, kosa langu.
Alisema kanisani, alisema baa,
alisema hadi likawa kweli kama tarehe ya kuzaliwa.
Ferdie akaunda magari mengine manne,
mepesi, mazuri, yakaleta vikombe.
Hakulipaka hata moja manjano.

Alikufa Februari. Ardhi ilikuwa imeganda,
akangoja Aprili ndipo tukamzika.
Wanawe wakauza vyuma kwa ratili.
Niliomba bisibisi; haikuonekana.
Wakanipa mlango,
uliokuwa umeziba tundu la banda la kuku.

Nilibandua bamba la ndani nipate kulisugua kutu.
Kwa penseli ya seremala, herufi zimelalia kushoto:
*Pini ya breki. Niliiona Alhamisi.
Nikasema itatosha.*

Nikaupakia mlango, nikampelekea Merle,
mzee sasa, anafuga nyuki, mguu wa mbao kando ya kitanda.
Akasoma. Akapitisha kidole gumba juu ya maneno,
polepole, asiyafute.
"Sasa ulidhani," akasema, "nilikuwa nikidanganya kwa ajili ya nani?"

Kisha akaniagiza nilirudishe bamba mahali pake,
nikaze skrubu zote nne,
na taa, akasema,
atashika yeye.