Kuni Zisiwekwe Chini

Majira yale ya homa, Montana mashariki,
theluji imefika usawa wa madirisha,
nilitumwa kwa Lorna Tvedt na bahasha ya kaunti.
Kilomita sitini za changarawe na barafu,
ng'ombe wakinitazama kama niliyekuja kudai deni.
Ndani ya bahasha, fomu:
ahamie nyumba ya wazee mjini, kwa usalama wake.
Nyumba ile ile iliyokuwa, wiki hiyo,
imetoa majeneza saba kwa mlango wa jikoni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Mwaka ule mgeni alibaki nje ili mwenyeji apone.
Basi nilisimama kibarazani, barakoa imeganda ndevuni,
naye nyuma ya kioo, kwenye kiti chake cha magurudumu,
blanketi la farasi mapajani.
Tukazungumza kwa simu, hatua mbili kati yetu.

Msaidizi wake, Jolene, alikuwa amelazwa,
siku ya tisa kwenye oksijeni.
Nikauliza: nani anakutoa kitandani?
"Kamba," akasema. "Na hasira."

Akaisoma fomu mpaka mwisho, bila haraka.
Kisha akaigeuza, akaandika mgongoni mwake:

*Kuni zisiwekwe chini.
Wema wenu wa Jumapili uliniachia rundo zuri sakafuni,
nikalitazama siku mbili kama picha ya ukutani,
meno yakigongana.
Wekeni juu ya benchi, usawa wa magoti yangu. Benchi sina.
Maziwa, chupa ndogo. Kubwa inaushinda mkono huu.
Betri ya kiti: namba nimeiandika pembeni.
Simu kila siku, saa moja asubuhi.
Nisipopokea, njooni.
Nikipokea, msiniulize kama nimekula.
Niulizeni bei ya ngano.*

Akaipitisha chini ya mlango,
na pamoja nayo mfuko wa karatasi:
barakoa kumi na mbili, mshono wa mkono,
katikati kila moja kidirisha cha plastiki
alichokata kwenye pazia la bafu.
"Za duka la dawa," akasema. "Marit ni kiziwi.
Tangu mfunike midomo
hajui anauziwa nini."

Nilikuwa nimebeba habari zake zote kwenye jalada:
umri, uti wa mgongo, mwaka wa ajali,
orodha ndefu ya asivyoweza, imepigwa chapa.
Hakuna mahali palipoandikwa cherehani iliharibika vuli iliyopita
na hakungoja fundi.

Njiani nilisimama mara moja tu,
kwa Orrin, asiyeona,
anayetaka waya uvutwe kutoka mlango hadi sanduku la barua
na mtu yeyote ataje jina lake kabla ya kukohoa.

Ofisini wakauliza: sahihi iko wapi?
Nikailaza fomu mezani, kifudifudi,
mwandiko wa Lorna juu,
nikaenda stoo
kutafuta mbao za benchi.