Ndugu Zake Fenesi

Kwetu havina jina.
Mpishi mkuu alilitamka lake puani,
nami nikalisahau kabla ya kufika Malindi.
Usiku kucha melini, boksi mapajani,
nimelikumbatia kama mtu anayepeleka vifaranga Pemba.

Asubuhi, Wete, nyumbani Utaani,
mama akafunua, akachukua kimoja,
akakigeuza kiganjani kama anayechagua yai.
"Kabichi hii," akasema, "imeachishwa ziwa mapema."

Nikamweleza: hivi havikai chini, mama.
Hushika shina, kimoja juu ya kimoja,
nimeona pichani.
"Basi ndugu zake fenesi,"
akakirudisha bokisini.
"Nao hawafichi uzazi wao."

Tangu homa ya Mfunguo Nne ulimi wake umelala.
Chai, maji.
Mchuzi wa papa, maji ya moto.
Juzi alitafuna ndimu kama tango,
jicho halikufumba.
Anakula kwa ajili ya dawa,
na dawa anakunywa kwa ajili yangu.

Leo nikamtoa jikoni.
"Mwanamme na mwiko!" akacheka,
lakini hakwenda mbali. Akakaa juu ya mbuzi
bila nazi ya kukuna,
mikono magotini, ananivizia.

Nilivikata kati.
Ndani vimekunjwa kama ukili
ambao bado haujawa mkeka.
Nikapasha chuma hadi tone la maji likakimbia,
mafuta kidogo, uso uliokatwa chini,
kisha usiviguse.
Hapo ndipo pagumu. Mkono unataka kukoroga,
unataka kuonekana unafanya kazi.
Nikautia mfukoni.

Kwanza ikaja harufu mbaya,
ya kabichi ya harusi iliyolala.
Nikamtazama mama. Hakukunja pua.
Halafu ikageuka, ikawa ya njugu,
ya kitu kilichokaribia kuungua kikakumbuka.

Ng'onda nilikuwa nimeshaichoma,
nimeitoa miba, nimeiponda;
changu aliyekaa juani siku nne
akashika chumvi yote ya safari yake.
Kitunguu. Pilipili manga.
Mbirimbi tatu za uani kwa Bi Mkasi,
(mbili aliniona nikichuma, ya tatu hakuiona).
Na asali ya mikokoni, mwisho kabisa,
makaa nimeshayatawanya,
maana asali ikiungua huwa uchungu.
Vipimo usiniulize.

Kule hotelini wenzangu wa bara hunicheka
nikiwaambia kwamba kwetu, magharibi ya Ramadhani,
tambi za sukari hukaa ubavuni mwa pweza
katika sinia moja,
na mkono hauombi ruhusa kuvuka.
Wao sukari wanaisubirisha mpaka mwisho,
kama mgeni ambaye hajaaminiwa.
Kwetu utamu na chumvi ni wake wenza
waliokwisha kuchoka kugombana,
sasa wanaazimana kanga.

Nikampakulia kwenye kisahani cha bluu.
Akachukua kimoja kwa vidole.
Nilitazama koo, sikuthubutu uso.
Kikapita.
Akachukua cha pili, akakaa nacho mdomoni muda mrefu,
nje muuza mkate akapita na kengele ya baiskeli,
akapiga kona, akapotea.

"Shaame."
"Naam, mama."
"Nani kakufundisha kutia chumvi hivi?
Wataka kunizika?"

Nikasimama na mwiko wangu.
Nikasema niwie radhi, mama,
nikasema tena, na mara ya tatu
sauti haikutoka vizuri,
nikajifanya moshi umeniingia
na makaa yamezimika zamani.

Hakuniangalia. Alishavuta kikaango kwake,
anakwangua ukoko kwa ukucha,
pale asali ilipogandana na samaki.
Boksi limebaki nusu.
Kesho, anasema, tuvitie na tui,
na niondoke jikoni kwake.