Ukingoni mwa Umm as-Samim

Harubu alizima gari kabla weupe haujaanza.
"Tairi mwisho wake hapa," akasema,
kwa Kiswahili cha Ujiji alikozaliwa,
kilichohamia Adam pamoja na sufuria za mama yake.
Mbele yetu sakafu isiyo na ukuta,
inang'aa kama shuka iliyofuliwa
ikasahauliwa juani.
Ukoko wake mwembamba kuliko wa wali, akanionya.
Chini kuna tope,
na tope halina haraka.

Kambi ni mahema tisa na tangi moja la maji.
Nimelipia siku mbili. Bei sitaji;
marehemu baba angeomba kiti.

Maana baba alikuwa mpika chumvi, Uvinza.
Alichota maji ya chemchemi akayachemsha
mpaka yakubali kuwa meupe,
kuwa magumu,
kuwa karo yangu.
Moshi wa kuni ulimla macho.
Jioni alirudi na nyusi zenye ganda,
nasi tukamlamba mkono kama mbuzi, tukicheka.
Mzee kwetu husifiwa: huyu kala chumvi nyingi.
Baba aliila kwa mapafu, miaka ishirini na minane,
na sitini hakuifika.

Huku hakuna achemshaye.
Jua linafanya kazi bila zamu, halikohoi,
wala halina hata gunia moja la kuonyesha.

Usiku, Mjerumani wa hema la tatu
aliisimamisha kamera kwa miguu mitatu, akazingoja nyota.
Binu, mpishi, akaleta wali, mbuzi wa kuchoma, ndimu,
halafu, kwa haya kidogo, kichupa cha chumvi.
"Ya dukani, Ibri," akasema. "Hii ya hapa chungu."
Nilicheka hadi nikapaliwa,
na hakuna aliyejua kwa nini,
na sikuwa na lugha ya kuwaeleza.

Saa nane nikatoka pekupeku.
Ardhi ilikuwa inapoa,
na katika kupoa kwake ikilia, tik,
kimya kirefu,
tik, tik,
kama karai la baba moto ukishaondolewa.
Nikachutama ukingoni. Kukanyaga sikuthubutu.
Nikanyoosha kidole, nikalamba.

Uchungu kwanza.
Kisha mkono wake.

Asubuhi Harubu, akimimina kahawa,
aliuliza nimelalaje.
Nikamwambia yote: karai, kidole, mkono.
Akatikisa kichwa, akatabasamu kwa upande mmoja.
"Dada, hapo umetia chumvi."

Nikautazama weupe ule, ukienda, ukienda,
hadi ukaingia mbinguni bila kubisha hodi.
"Bwana Harubu," nikasema,
"hapa
nitaitia wapi tena?"