Ratiba ya Juni na Julai

Juni hapa Kisoro ukungu hushuka kutoka Muhavura
bila kubisha hodi, ukaketi vibarazani,
na mtu akipiga chafya upande wa stendi
humwoni, unamtakia afya kwa kukisia.

Ndipo nikachukua chaki, nikaandika mlangoni
(mlango wa ghala la zamani la pareto;
siku ya jua bado lanuka dawa ya wadudu):
JUMANNE, WATOTO.
ALHAMISI, WAZEE NA BARUA ZAO.
JUMAMOSI, YEYOTE. SIGIRI ITAKUWEPO.

Nisiwadanganye. Ni sigiri iliyowaleta.
Halmashauri ina fungu la wino, fungu la ufagio,
fungu la mihuri, nayo ni miwili, mmoja umepasuka.
La makaa? waliniuliza. Kwani vitabu vinaona baridi?
Nikanunua gunia kwa mshahara wangu, nikanyamaza.

Wakaja. Sebagenzi, aliyeendesha malori ya Goma
mpaka goti likamkatalia,
anasoma gazeti la mwezi uliopita kwa sauti
na kubishana nalo.
Vijana wa bodaboda, abiria wao wameyeyuka njiani.
Mama mmoja na kichanga chake, hasomi, hasemi,
ananyonyesha akitazama picha za samaki wa baharini.
Watoto wananusa kurasa kabla ya kuzisoma.
Viganja vyote kwenye makaa, vitabu magotini,
na mvuke wa sweta zilizolowa ukipanda darini.

Jumamosi ya tatu akaingia Nyirabashitsi, muuza viazi,
amefunga kitu ndani ya kitenge kama anavyofungwa mgonjwa.
Kitabu chetu chekundu,
kile cha fundi aliyeishonea mvua viatu.
Kimechelewa miezi mitano.
"Kurasa nne hazimo," alisema, hata kabla ya salamu.
"Usiku ule Ndayambaje alichemka homa.
Kuni mbichi, kiberiti kimebaki njiti mbili.
Nilichana karatasi mbili.
Lakini nilimwambia dada yake azisome kwanza."

Nikafungua daftari la faini.
Nikalifunga.
"Zilisemaje?" nikauliza.

Akatazama makaa kana kwamba zimo humo bado.
Kisha akaanza, polepole, kama mtu anayepima viazi
na hataki kumpunja mteja:
jinsi mvua ilivyobisha kwa fundi usiku,
aibu yake ya kukanyaga mashamba ya watu peku,
jinsi fundi alivyopiga magoti kuipima miguu...

"Minane," alisema.
"Sita!" Keza wa darasa la nne aliruka kutoka mkekani.
"Kitabuni ilikuwa sita! Mimi nilikisoma!"
"Kwako sita," alisema Nyirabashitsi.
"Kwangu minane, na mmoja ulikuwa ukichechemea,
ndiyo maana mvua ya upande wetu hufika imechelewa."

Sebagenzi akalikunja gazeti.
Kichanga kikaachia ziwa, kikageuka kusikiliza.

Niliandika kadiri alivyosema, kwenye karatasi za mistari,
mwandiko wangu ukikimbia na kujikwaa.
Nikazibandika kwa uji mzito wa muhogo
baina ya ukurasa wa thelathini na wa thelathini na tano.
Uji ulizidi. Kitabu sasa hakifungiki vizuri,
kinakaa kama mdomo unaotaka kusema.

Jumamosi iliyofuata alileta debe la makaa.
"Faini," alisema, akalitua.
Sikukataa. Daftarini niliandika: debe moja, makaa.
Mkaguzi akija atauliza.
Na aulize.

Julai inaisha, ukungu unaanza kuchanika saa nne asubuhi,
wa bodaboda wamerudi kwa abiria wao,
Sebagenzi bado ana ugomvi na gazeti.
Kitabu chekundu hakikai rafuni siku mbili.
Keza peke yake amekiazima mara nne.
Kuhusu idadi ya miguu hajakubali,
na sidhani atakubali.
Lakini mama yake ananiambia
kwamba anapowasomea wadogo zake usiku
akizunguka chumba, kitabu mkononi,
akifika kwenye mwandiko wangu mbaya
huchechemea.