Kiti cha Uani

Nyumba hii aliijenga baba, tofali kwa tofali,
Buguruni, vyumba sita na korido katikati,
akatuachia watatu bila kuandika popote
nani alale wapi, nani avutie wapi.

Kaka Kondo chumba chake ni cha pili kushoto.
Mlango wake una kitasa, una komeo, una pazia.
Moshi hauhitaji hata kimoja.
Unapita juu ya ukuta, pale dari lisipofika,
haubishi hodi, hausubiri karibu,
unaingia kwangu peku
na kukaa kwenye chandarua kama mgeni wa ukoo.

Jumamosi nilikiloweka hicho chandarua.
Maji yakageuka chai ya mkandaa.
Nikayamwaga mbele ya mlango wake, makusudi.
Akayaruka. Akauliza kama kuna chapati zimebaki.

Nimwambie nini?
Yeye ndiye aliyenilipia ada
kwa kushusha magunia ya viazi sokoni Ilala.
Mimi ndiye niliyetumwa dukani kwa Mpemba,
mbili za kaka, na kiberiti,
chenji nikala ubuyu.
Miaka ile harufu ile ilikuwa na maana moja:
kaka karudi, mlango ufungwe, tulale.
Kifua changu hakikujua kulalamika.

Cha Sauda kinajua.
Mwanangu ana miaka mitano, na pumu.
Usiku kifua chake hupuliza filimbi,
nyembamba, ya refa asiyeonekana.
Mara mbili mwezi ule tulifika Amana kwa bajaji,
mara mbili nesi akauliza, bila kuinua macho:
nyumbani kuna anayevuta?
Mara ya kwanza nilisema hapana.

Mnasikia? Nilisema hapana.
Nilimsitiri kaka
mbele ya mtoto aliyefungwa barakoa ya mvuke,
macho yake makubwa juu yake, yakiniangalia.

Ramadhani ikaingia.
Mchana kutwa nyumba ikanuka vitunguu tu.
Kaka kizingitini, kofia imeshuka usoni,
mikono haijui iwekwe wapi,
anauhesabu mkeka ukili kwa ukili.
Adhana ya magharibi: tende moja, funda la maji,
halafu kiberiti.
Nami nimeshika upawa wa uji
nikipiga hesabu niliyoogopa kuitamka:
saa kumi na tatu unaweza, kaka,
kwa ajili ya Mola ambaye hakohoi.

Siku ya tisa ikanitoka, ila si kwa mdomo.
Nilichukua pampu ya Sauda, ile ya bluu,
nikaiweka juu ya pakiti yake ya sigara,
pale pale kwenye futari.
Dada Mwamvita akasema magimbi yamezidi chumvi.
Kaka akaiinua pampu,
akaifuta kwa pindo la shati lake,
akaiweka kando taratibu, kama yai,
akachukua sigara, akaenda kuiwashia koridoni.

Koridoni! Nilicheka peke yangu jikoni, kwa hasira.

Kesho yake kiti cha plastiki,
kile chenye mguu uliofungwa waya,
kilikuwa uani, karibu na bomba.
Hakusema ni cha nani.

Msimsifu mapema.
Manyunyu yakianza husimama mlangoni, nusu ndani nusu nje,
mgongo wake unalowa na moshi unarudi kwetu.
Na shati linakuja na harufu yake:
Sauda humkimbilia, kisha hukumbuka,
hupunguza mwendo, humpa mkono tu, kama mtu mzima.
Kaka huutazama mkono huo kwa muda.

Lakini jana usiku mvua ilipiga bati
hadi tukawa hatusikilizani.
Nikachungulia dirishani.
Kaka Kondo amekaa kitini, beseni langu la kufulia kichwani,
chini ya beseni nukta nyekundu
inawaka, inafifia, inawaka.
Nikarudi kutega sikio kifuani kwa mtoto.
Filimbi, kimya.

Asubuhi nikakifuta kiti kwa khanga yangu.
Nikainusa.
Nikaenda kuianika kamba ya mwisho, kule mbali.