Lita Hamsini na Nne

Jagna wa dukani ana kipini puani
na macho yasiyopepesa. Akaniuliza:
"Tangi lako la lita ngapi, mama?"
Hamsini na nne, nikasema.
"Na samaki?"
Nikahesabu kwa vidole. Vidole vikaisha.
Nikarudia mkono wa kwanza, wa pili, wa kwanza tena.
Thelathini na mmoja,
bila vile vichanga vya Jumapili.
Hakucheka. Aliifunika kalamu yake taratibu,
kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

Si uroho, nielewe.
Kiwanda cha nguo kiliponistaafisha, hapa Łódź,
nilipanda hadi ghorofa ya nne, nikafunga mlango,
na kimya kikaanza kunivumia masikioni
kuliko mitambo yote ya miaka thelathini na sita.
Nikanunua wawili, kila mmoja awe na mwenzake.
Wawili wakaonekana wapweke. Nikaongeza sita.
Theluji ikaanguka. Nikaongeza.
Kila siku ya pensheni nilirudi na tramu,
kifuko cha maji kifuani, ndani ya koti,
nikikigawia joto langu.

Kisha yule mwekundu, Pelagia
(nilimpa jina la msimamizi wetu, midomo ni ileile),
akaanza kujikuna kwenye mawe.
Kulipokucha alikuwa kama aliyenyunyiziwa chumvi:
chembe mkiani, chembe mapezini,
moja juu ya jicho.
Nikadhani ni uchafu. Nikachomoa sponji ya kichujio,
nikaisugua kwa sabuni hadi ikanukia limau.
Kumbe nimewafukuza wafagiaji,
vile vijidudu visivyoonekana
vilivyokuwa vikila taka za kaya nzima.
Maji yakang'aa kama dirisha la kanisa
na yakawa yanawachoma.

"Pandisha joto polepole," alisema Jagna,
"usiwapike. Theluthi ya maji, kila siku, mapya.
Na hata chembe zikitoweka, usiache dawa.
Ugonjwa haujaondoka. Umeshuka mchangani
kutafuta watoto."

Ndoo tano bafuni, zimelala usiku kucha
ili maji ya bomba yasahau dawa yake.
Blanketi juu ya tangi. Kipimajoto. Mimi na kiti.
Tone la buluu likanidondokea,
likaingia ukuchani, likakataa kutoka.
Buluu ileile ya chumba cha rangi!
Marehemu Zenon alikuwa akinishika mkono gizani,
akisema: leo mmetia vitambaa vya mabaharia.
Alikuwa akibahatisha tu. Mara nyingi alipata.

Saba walikufa. Niliwafukia
katika chungu cha ua la dirishani, bila maneno.
Waliobaki walining'inia juu juu ya maji
wakinywa hewa, mdomo kwa mdomo,
kama sisi, watu wanane vyumba viwili kule Bałuty,
mwaka dada yangu Kunegunda alipoleta surua.
Hatukuuliza kama tutaugua. Tuliulizana zamu.
Penye wengi pana mengi, bibi alipenda kusema,
akikusudia vicheko.
Kikohozi hakukitaja.

Basi nikagawa.
Kumi akachukua Jagna, vichanga vyote pia.
Watano wako kwa daktari wa meno, barazani,
wakiwatazama wenye hofu.
Ludomir wa ghorofa ya pili alitaka wote;
nikamuuliza: tangi lako la lita ngapi?
Akaondoka na wawili, amenuna.
Nimebaki na saba. Pelagia ana pengo kwenye pezi
na tabia yake haijabadilika.

Leo ni tarehe kumi. Tramu imesimama mbele ya duka,
pensheni imo mkobani.
Lita hamsini na nne, toa mchanga, toa mawe,
toa ile ngome ya udongo niliyoipenda:
arobaini na tatu, labda.
Kucha bado ina buluu pembeni.
Mlango umefunguka, baridi imeingia,
mzee mmoja ananiuliza kama nashuka.

Namwambia apite.