Aliyeuliza Mgongo

Walisema anakuja msanifu wa mandhari.
Tukadhani ni mtu wa maua,
wa kupanga waridi huko Muhumba
kwa wenye mageti.

Nsimire akaja Kadutu na buti za mvua,
akakaa siku tatu hajachora mstari.
Alitazama maji tu:
yanakoshukia, yanakokata kona,
ukuta upi yanaubomoa kila Novemba.
Kwa Mama Cibalonza akaonyeshwa alama ya tope
juu ya kitanda.
Akaipima kwa utepe, akanyamaza.

Kisha akanisimamisha mimi, mbeba mizigo,
kamba ya gunia ingali kwenye paji la uso:
"Mama, ukipanda kutoka ziwani, unapumzikia wapi?"

Miaka kumi na tisa nabeba muhogo,
hakuna aliyewahi kuuliza mgongo wangu neno.
Nikamwonyesha: hapa, penye jiwe la Bisimwa,
na pale, kabla pumzi haijakatika.

Leo kuna ngazi. Kuna mfereji pembeni,
na mianzi imeung'ang'ania udongo
kama mtoto na kanga ya mamake.
Na pale nilipoonyesha, benchi ya mawe,
kimo cha gunia, si kimo cha makalio:
unageuka tu, mzigo unatua wenyewe.

Jana mvua ilipiga usiku kucha.
Mlima umeamka mlimani.
Ngazi moja tu imepasuka, ya kumi na nne;
aliyeiba saruji yake tunamjua.

Asubuhi watoto wamepanda juu ya benchi yangu.
Nawafukuza.
Wanarudi.